“Ndege Iko Njiani”: Lugha na Usalama wa Ndege Inapotembea Ardhini Usiku

Sentensi “ndege iko njiani” ni fupi, sahihi kisarufi na ya kawaida kabisa. Abiria anayesubiri katika Kiwanja cha Ndege cha Kigoma akiambiwa hivyo, moyo humtulia: ndege imekwisha kuondoka Dar es Salaam na inakuja. Sentensi hiyohiyo ikitamkwa usiku mbele ya dereva wa gari la mizigo aliye kando ya njia ya kurukia, inapata maana ya pili: ndege ipo juu ya njia yenyewe, na dereva hapaswi kusogea hata hatua moja. Sarufi haimwambii achague maana ipi. Mchana huchaguliwa na macho, kwa kuwa ndege inaonekana au haionekani. Usiku macho hupungukiwa, na neno hubebeshwa mzigo uliokuwa wa macho.

Makala haya yanaeleza kwa nini kutembea kwa ndege ardhini usiku ni kazi ngumu, na namna ugumu huo unavyogusa msamiati na sarufi ya Kiswahili. Mawasiliano ya redio kati ya rubani na mnara wa kuongozea ndege kwa kawaida hufanyika kwa Kiingereza. Hata hivyo, dereva wa gari la mafuta, mpakia mizigo, mlinzi wa lango, zimamoto na fundi wa taa hufanya kazi yao kwa Kiswahili. Miongozo yao hutafsiriwa, mafunzo yao hufundishwa na maonyo yao hubandikwa kwa Kiswahili. Mfasiri wa matini hizo ni sehemu ya usalama, ajue asijue.

Jina la tendo

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linafafanua tendo linalozungumziwa hapa kuwa ni mwendo wa ndege juu ya uso wa kiwanja kwa nguvu yake yenyewe, isipokuwa wakati wa kuruka na wa kutua. Fasili hiyo ina masharti matatu: ndege iwe ardhini, isukumwe na injini zake, na isiwe katika mbio za kuruka wala za kutua. Neno la Kiswahili litakalochaguliwa halina budi kuyabeba yote matatu, au walau lisiyapinge.

Kitenzi “kutembea” ndicho kinachosikika zaidi: “ndege inatembea kuelekea njia ya kurukia.” Kinaeleweka na watu wote, na kinadokeza mwendo wa polepole wa kitu kinachojiendesha. Udhaifu wake ni kwamba hutumika pia kwa mwendo wa jumla, hata wa angani, hivyo ni vyema kukiongezea kielezi: “kutembea ardhini.” Kitenzi “kujongea” kina sura nzuri, lakini maana yake ya msingi ni kusogea karibu na kitu, na ndege inaweza kutembea ardhini ikiwa inakwenda mbali na msemaji. “Kuserereka” hakifai, kwa kuwa kinaashiria kuteleza pasipo udhibiti, jambo ambalo ni ajali yenyewe. “Kuambaa” ni neno la mabaharia na wavuvi, la chombo kinachopita kandokando ya pwani bila kuigusa. Linapendeza katika fasihi, na mtu wa Ujiji aliyezoea mitumbwi inayoambaa ufuko wa Ziwa Tanganyika atalielewa mara moja. Ila ndege haipiti kando ya njia yake, hupita katikati.

Tofauti ambayo haifai kupotezwa ni ile ya “kutembea” na “kukokotwa.” Ndege inayovutwa na trekta inakokotwa, inayosukumwa nyuma kutoka kwenye maegesho inasukumwa. Katika hali hizo mbili injini zinaweza kuwa zimezimwa, na mtu anaweza kusimama mahali ambapo, ndege ikiwa inatembea kwa nguvu yake, angepeperushwa na upepo wa injini. Mwongozo unaosema tu “ndege inaposogea” unafuta mpaka kati ya mahali salama na mahali pa hatari.

Majina ya sehemu za kiwanja nayo yanahitaji uangalifu. Katika taarifa za serikali na vyombo vya habari vya Tanzania, sehemu ndefu ambayo ndege hushikia kasi huitwa “njia ya kuruka na kutua ndege,” na ile inayoiunganisha na maegesho huitwa “barabara ya kiungio” au “kiungio.” Mkato wa “njia ya kurukia” umezoeleka, nao hauna ubaya endapo msomaji anajua kwamba ndege hutua hapohapo zinaporukia. Asiyejua anaweza kudhani kuwa kuna njia nyingine ya kutulia, na kwamba akitazama upande mmoja tu yu salama. Katika matini ya mafunzo, jina kamili litangulie na mkato ufuate.

Msamiati huu una asili ya kuvutia. “Ndege” ni jina la kiumbe chenye mabawa lililopewa chombo, nalo limezunguka ziwa zima: Warundi, kaskazini mwa Kigoma, huiita indege, na Wabemba wa Zambia, upande wa kusini, huiita indeke. “Rubani,” neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la chomboni kabla ya kupanda angani. Taa za ndege nazo zilitoka majini. Ndege hubeba taa nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto na ya kijani kwenye ncha ya bawa la kulia, kama meli. Anayeziona taa za MV Liemba, meli iliyoanza kuelea Kigoma mwaka 1915, anaweza kutambua gizani kama chombo kinamjia au kinakwenda zake. Mfanyakazi wa kiwanja hufanya hesabu hiyohiyo: akiona nyekundu upande wake wa kulia na kijani upande wake wa kushoto, ndege inamwelekea.

Usiku ni lini?

Neno “usiku” lina maana tatu ambazo hazilingani. Katika saa za Kiswahili, usiku huanza saa 1:00. Katika macho ya watu, huanza giza linapoingia. Katika kanuni za usafiri wa anga, huanza mwanga wa machweo unapokwisha, yaani kitovu cha jua kinapofika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, na huisha alfajiri jua linapopanda kufikia nyuzi hizo.

Kigoma inaonyesha wazi kutolingana huko. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Kwa sababu hiyo jua huzama Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Saa 1:00 usiku, Dar es Salaam giza limekwisha kutanda, lakini Kigoma jua huwa bado liko karibu na upeo, juu ya milima ya Kongo ng’ambo ya ziwa. Agizo lisemalo “baada ya saa 1:00 usiku taa zote ziwashwe” lina maana moja pwani na nyingine ziwani. Agizo bora hutaja kuzama kwa jua au kwisha kwa machweo, kisha saa ya mahali husika.

Karibu na ikweta, machweo hayadumu. Kutoka kuzama kwa jua hadi giza la kikanuni hupita dakika 20 na ushei tu. Ndege iliyopangwa kuondoka jioni ikichelewa kidogo, kazi iliyoanza mchana humalizika usiku. Ndiyo maana taa ni jambo kubwa kwa viwanja vya mikoani. Kwa miaka mingi Kigoma ilihudumia ndege mchana. Taa za kuongozea ndege zimekuwa sehemu ya mipango ya kukiboresha kiwanja hicho, sambamba na vya Tabora, Shinyanga na Sumbawanga. Taa hizo haziongezi saa za kazi tu. Zinaleta lugha mpya ambayo kila afanyaye kazi kiwanjani hana budi kujifunza kuisoma.

Taa kama lugha

Kiwanja cha ndege usiku ni maandishi ya rangi. Taa za buluu huonyesha kingo za barabara ya kiungio, maana yake ni “usivuke hapa.” Taa za kijani huonyesha mstari wa katikati wa barabara hiyo, maana yake ni “fuata hizi.” Taa nyeupe huonyesha kingo za njia ya kuruka na kutua. Taa nyekundu huonyesha mwisho wa njia, na safu ya taa nyekundu iliyokatiza barabara ya kiungio humwamuru rubani asimame mpaka izimwe. Taa za manjano zinazopepesa kwa zamu, mojamoja, humwonya kwamba njia ya kurukia iko mbele yake. Mabango nayo yana sarufi yake: herufi nyeupe juu ya wekundu ni amri, herufi nyeusi juu ya manjano zinaelekeza uendako, na herufi za manjano juu ya weusi zinataja mahali ulipo.

Mtafsiri wa mfumo huu hukutana na tabia ya pekee ya Kiswahili. Lugha hii ina mashina matatu tu ya rangi yanayopatana na ngeli ya jina: -ekundu, -eupe na -eusi. Husemwa “taa nyekundu,” “bango jekundu,” “mstari mwekundu.” Rangi nyingine huazimwa kutoka kwenye vitu au lugha nyingine na huunganishwa kwa kihusishi: “taa ya kijani” kutoka jani, “taa ya samawati” kutoka neno la Kiarabu lihusulo mbingu, “taa ya manjano,” “taa ya buluu.” Muundo huu si upungufu, lakini una athari mbili. Kwanza, rangi mbili zinazopaswa kutenganishwa zaidi kwenye barabara ya kiungio, yaani buluu ya kutovuka na kijani ya kufuata, zote ni za kundi la pili, ambalo majina yake hubadilika kutoka eneo hadi eneo: buluu, bluu, samawati, kijani, majani mabichi. Pili, mwandishi huweza kushawishika kubadilisha jina la rangi ili kuepuka kurudia neno, kama afundishwavyo katika insha. Katika matini ya usalama, urudiaji ni fadhila. Rangi moja iwe na jina moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Taa zinaposema vibaya, gharama ni kubwa. Usiku wa Oktoba 31, 2000, karibu na Taipei, ndege ya Singapore Airlines aina ya Boeing 747 ilitembea katika mvua na upepo wa kimbunga ikielekea njia ya 05 ya kushoto. Taa za kijani zilizoonekana vizuri zilipinda kuelekea njia ya 05 ya kulia, iliyokuwa na sehemu zilizofungwa kwa ujenzi. Kati ya taa chache zilizoelekea njia sahihi, moja haikuwaka na nyingine ilikuwa hafifu. Marubani walizifuata zilizoonekana. Ndege iligonga mitambo ya ujenzi ilipokuwa ikishika kasi, na watu 83 kati ya 179 walipoteza maisha.

Jicho gizani

Ugumu wa usiku hauishii kwenye taa. Jicho la binadamu huhitaji takribani nusu saa kuzoea giza kikamilifu, lakini hupoteza uzoefu huo kwa sekunde chache likipigwa na mwanga mkali. Kwa hiyo rubani hupunguza taa ndani ya chumba chake, na huzima taa ya kumulikia njia anapokabiliana na ndege nyingine au mfanyakazi anayemwelekeza kwa ishara. Dereva wa gari la kiwanjani anayewasha taa kali kwa nia njema, ili aonekane, anaweza kumpofusha mtu anayetaka kumwona.

Mwendo nao hudanganya. Mchana, nyasi, nguzo na majengo humwonyesha rubani kasi yake. Usiku vitu hivyo hutoweka, na kasi huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa kawaida ndege kubwa hutembea kwa takribani kilomita 30 hadi 40 kwa saa mahali paliponyooka na kwa chini ya 20 kwenye kona; anayekosa vielelezo hufika kwenye kona akiwa na kasi ya mnyoofu. Hapo methali “mwenda pole hajikwai” si pambo. Zaidi ya hayo, katika ndege nyingi kubwa rubani hawezi kuona ncha za mabawa yake akiwa kitini. Hutegemea mstari wa katikati, na hutegemea kwamba hakuna aliyeacha ngazi au kigari mahali ambapo bawa litapita.

Mvua huongeza tatizo. Matone kwenye kioo huitawanya kila taa kuwa nyingi, na lami iliyolowa huiakisi. Mkazi wa Kigoma anaifahamu hali inayofanana na hiyo kutokana na ziwa. Katika usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hutandaza mamia ya taa majini, na ziwa huonekana kama mji. Mvuvi huitambua taa ya mwenzake kwa sababu anajua nani yuko wapi. Mgeni huona mwanga tu. Wingi wa taa haumsaidii yule asiyejua kila taa inasema nini.

Kiambishi -ni na mstari wa kusubiri

Mahali pa hatari zaidi katika mwendo wa ardhini ni pale barabara ya kiungio inapokutana na njia ya kuruka na kutua. Hapo huchorwa mistari minne ya manjano: miwili kamili upande wa kiungio na miwili ya vipandevipande upande wa njia. Ndege isubiri kabla ya mistari kamili. Baina ya kusubiri kabla ya mstari na kusubiri baada yake kuna tofauti ya uhai na kifo, na hapo ndipo sarufi ya Kiswahili hutegesha mtego.

Mtego huo ni kiambishi -ni. Kikiongezwa kwenye jina, huunda mahali: nyumba, nyumbani, barabara, barabarani, njia, njiani. Chenyewe hakisemi kama mtu yuko juu ya kitu, ndani yake, kando yake, anakwenda kwake au anatoka kwake. Husemwa “ametoka nyumbani” na “amekwenda nyumbani” kwa umbo lilelile. Kazi ya kubainisha huachiwa kitenzi, upatanisho na muktadha. Upatanisho husaidia kwa kiasi: “njiani pale” huonyesha mahali mahususi, “njiani kule” huonyesha eneo lisilo bayana, na “njiani mle” huonyesha undani. Lakini hata “pale” haisemi kama ni ukingoni au katikati.

Basi amri “simama njiani” inaweza kufasiriwa kwa namna tatu: simama ufikapo kwenye njia, simama juu ya njia, au katiza safari yako. “Simama” chenyewe kina utata, kwa kuwa humaanisha pia kuinuka kutoka kitini. “Subiri barabarani” haina nafuu. Kiswahili kina tiba yake tayari, katika vihusishi na vielezi: “kabla ya,” “nje ya,” “juu ya,” “ndani ya,” “kuvuka.” Amri salama ni “simamisha gari kabla ya mstari wa kusubiri, usiuvuke.” Sentensi hiyo ni ndefu kuliko “subiri njiani,” lakini inamwacha dereva akiwa na tafsiri moja tu.

Maneno ya upande yana tatizo la jirani yake. Mfanyakazi anayeielekeza ndege husimama akiitazama, na kulia kwake ni kushoto kwa rubani. Mwongozo unaosema “mkono wa kulia” bila kumtaja mwenye mkono hauna maana kamili. Iandikwe “kulia kwa rubani” au “bawa la kulia.” Bawa halibadiliki kwa kutegemea nani analitazama.

Maneno mawili yaliyogharimu maisha

Ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ardhini. Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umefanya kazi ya usiku. Rubani msaidizi wa KLM aliuarifu mnara kwa maneno ambayo yangeweza kumaanisha kwamba ndege iko mahali pa kurukia, au kwamba imekwisha kuanza kuruka. Mwongoza ndege alijibu kwa neno la kukubali, kisha akaitaka isubiri. Agizo hilo likagongana redioni na sauti ya Pan Am iliyosema bado iko njiani, na halikusikika sawasawa. Baada ya ajali hiyo, neno la Kiingereza la kuruka liliwekewa mpaka: hutumika tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo hutumika neno la kuondoka.

Kiswahili kinaweza kuushika mpaka huo bila taabu, kwa kuwa kina “kuruka” na “kuondoka.” Vyombo vya habari huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja: “ndege imeruka saa mbili,” “ndege imeondoka saa mbili.” Katika taarifa kwa umma hakuna madhara. Katika mafunzo ya watu wa kiwanjani, “kuondoka” kubaki kwa safari na maandalizi yake, na “kuruka” kubaki kwa lile tendo la ndege kushika kasi na kuiacha ardhi.

Ajali ya pili ni ya karibuni na ya usiku. Januari 2, 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Walinzi wa Pwani wa Japani aina ya Dash 8 iliyobeba misaada ya tetemeko la ardhi iliambiwa kwamba ni namba moja na kwamba itembee hadi mahali pa kusubiri. “Namba moja” ilikuwa nafasi yake katika foleni. Rubani wake aliamini kuwa ameruhusiwa kuingia. Dash 8 hiyo ilisimama juu ya njia kwa takribani sekunde 40, mpaka ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 ilipotua juu yake. Watu wote 379 wa ndege kubwa waliokolewa. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Baada ya hapo waongoza ndege wa Japani waliagizwa kuacha, kwa muda, kutaja namba ya foleni. Neno hilo halikuwa la uongo. Lilimwambia rubani nafasi yake, naye akasikia ruhusa.

“Sawa,” “ndiyo” na kukariri

Neno la kukubali lililotajwa katika ajali ya Tenerife lina ndugu zake katika Kiswahili. “Sawa” humaanisha nimesikia, nimekubali, ni sahihi, au tumemaliza mazungumzo. “Haya” humaanisha karibu yote hayo pamoja na ruhusa ya kuanza. Baina ya wazungumzaji wa kawaida hilo ni adabu njema. Mtu asiyesema “sawa” huonekana mkavu. Kazini kiwanjani, “sawa” haithibitishi chochote. Kanuni ya kimataifa humtaka rubani akariri agizo la kusubiri kabla ya njia, neno kwa neno, ili anayeagiza asikie kama ameeleweka. Dereva naye aseme “nitasimama kabla ya mstari wa kusubiri,” si “sawa, mkuu.”

“Ndiyo” ina mtego mwingine. Katika Kiswahili, jibu la swali kanushi mara nyingi huthibitisha ukanushi: “Hujavuka?” “Ndiyo,” yaani ni kweli, sijavuka. Aliyezoea mfumo wa Kiingereza huweza kusikia kinyume chake, na watu wa mifumo yote miwili hufanya kazi pamoja. Swali la usalama lisiulizwe kwa ukanushi. Iulizwe “Uko wapi?” na jibu litaje mahali.

Saa tatu za tukio moja

Matangazo ya usafiri wa anga hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Tangazo kwamba kiungio kitafungwa kuanzia 16:00 kwa saa hiyo linamaanisha 19:00 ya Tanzania, ambayo kwa Kiswahili ni saa 1:00 usiku. Mfasiri anayesahau hatua ya kwanza ataandika saa 10:00 jioni, na kiungio kitafungwa saa tatu kabla ya wakati. Anayesahau hatua ya pili ataandika “saa 19:00,” ambayo wengine watajaribu kuibadilisha wao wenyewe na kukosea. Njia salama ni kuandika saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, kisha tarakimu za saa 24 za Tanzania, na kuhakiki hesabu mara mbili.

Muhtasari wa matumizi

Kwa walimu na wafasiri, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

– “Kutembea ardhini” ni kwa ndege inayotumia nguvu yake. “Kukokotwa” na “kusukumwa nyuma” ni kwa inayosogezwa na chombo kingine.

– “Njia ya kuruka na kutua” itajwe kwa ukamilifu mara ya kwanza. “Kiungio” ni kwa barabara inayoiunganisha na maegesho.

– “Njiani” na “barabarani” zisitumike peke yake katika amri. Itajwe kama ni kabla ya, juu ya, au nje ya.

– “Kuruka” na “kuondoka” zisibadilishanwe.

– Rangi moja iwe na jina moja katika matini nzima.

– Kulia na kushoto kuwe na mwenyewe.

– “Sawa” isichukuliwe kuwa uthibitisho, agizo likaririwe.

Mwalimu anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani: wanafunzi waandike upya sentensi “ndege iko njiani” mara tatu, kila mara wakiondoa maana mbili na kubakiza moja. Watapata “ndege imeondoka Dar es Salaam na inakuja,” “ndege iko juu ya njia ya kuruka na kutua,” na “ndege inatembea kwenye kiungio.” Lugha ina nafasi ya kutosha kwa sentensi hizo tatu, na mtu aliyesimama gizani kando ya njia anahitaji kuambiwa ile moja inayomhusu.